Usingizi wa Mtoto Huanzia Mezani

Mtoto anaposinzia darasani huenda akadhaniwa kuwa mvivu. Kabla ya kumlaumu, tuangalie alilala saa ngapi, na jioni iliyotangulia alikula na kunywa nini.

Usingizi na hamu ya kula

Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12 kwa siku. Wa miaka 13 hadi 18, saa 8 hadi 10. Usingizi unapopungua, homoni ya ghrelini, inayoamsha njaa, huelekea kuongezeka, na leptini, inayoujulisha ubongo kuwa tumeshiba, huelekea kupungua. Kwa hiyo mtoto aliyelala kidogo huvutiwa zaidi na vyakula vitamu na vya kukaanga. Fedha yake ya shule ikiishia kwenye pipi na soda, jioni hukikataa chakula cha nyumbani, kisha hudai kula usiku wakati wa kulala umekwisha kupita.

Kafeini katika vinywaji

Kafeini hufukuza usingizi. Imo katika kahawa, majani ya chai, soda za kola na vinywaji vya kuongeza nguvu. Mwaka 2015, Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilieleza kuwa kiasi kisichotia shaka kiafya kwa watoto ni miligramu 3 kwa siku kwa kila kilo ya uzito. Hata hivyo, takriban miligramu 1.4 kwa kilo huweza kuchelewesha usingizi wa baadhi yao, hasa ikinywewa karibu na wakati wa kulala.

Tuchukue mfano wa mtoto wa kilo 25. Kiasi cha kwanza kwake ni miligramu 75. Cha pili ni 35 tu. Kopo la mililita 250 lenye miligramu 32 za kafeini katika kila mililita 100 lina miligramu 80. Kopo hilo moja limevuka viwango vyote viwili.

Tunashauri

- Soma lebo kabla ya kulipa. Tafuta neno kafeini, kiasi chake, na onyo lolote kuhusu watoto.
- Usimpe mtoto kinywaji cha kuongeza nguvu, hata wakati wa mitihani.
- Jioni, badala ya chai ya majani, mpe maji au maziwa.
- Panga saa kwa kuhesabu kurudi nyuma. Anayeamka saa 11 alfajiri ili awahi daladala anapaswa kuwa amelala saa 2 usiku. Chakula cha familia kikichelewa, apakuliwe wake mapema. Asilale na njaa.
- Asubuhi asiondoke tumbo tupu. Uji, kiazi kitamu au yai humpunguzia tamaa ya pipi.

Mtoto anayelala saa za kutosha na bado akasinzia mchana, au anayekoroma kila usiku, apelekwe kituo cha afya.