Kusoma Picha ya Mandhari kama Matini: Kutoka Maporomoko ya Ripon hadi Madaraja ya Reli ya Kisumu

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi amezoea kuuliza maswali matatu mbele ya matini: nani anasema, amesimama wapi, na amenyamazia nini? Makala haya yanashikilia kuwa picha za mandhari zilizochorwa kwa rangi za maji katika karne ya 19 zinastahili maswali hayo hayo. Picha hizo zilikusudiwa kuonyesha mahali halisi: mto, mji, kivuko, daraja. Kwa sababu hiyo tunashawishika kuziamini kama shahidi asiye na upande.

Mfano wa Ripon

Tuanze upande wa kaskazini wa Ziwa Viktoria. Tarehe 28 Julai 1862, John Hanning Speke alifika mahali ambapo Mto Naili unatoka ziwani. Mwenzake, James Augustus Grant, alichora picha nyingi za safari hiyo, baadhi yake kwa rangi za maji, na nyingi zimehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Scotland. Kitabu cha Speke cha mwaka 1863 kinatangaza kwenye ukurasa wa anwani kuwa sehemu kubwa ya michoro yake imetokana na kazi ya Grant. Hata hivyo, siku ile Grant hakuwapo. Speke alikuwa amemtuma kuelekea Bunyoro. Msomaji anayeitazama picha ya maporomoko kitabuni hawezi basi kuchukulia kuwa mkono uliochora nyingine ndio uliochora na hii.

Tuangalie pia maandishi yaliyo chini ya picha. Speke aliyaita maporomoko hayo Ripon, kwa heshima ya bwana mkubwa wa Uingereza, ingawa yeye mwenyewe aliandika kuwa Waganda walipaita "mawe". Neno hilo la Kiganda ndilo tulilo nalo hadi leo katika jina la mji wa Jinja. Maporomoko yenyewe yalizamishwa na maji ya bwawa la Owen Falls, lililozinduliwa mwaka 1954. Kwa hiyo picha ni ushahidi wenye thamani kubwa, mradi isomwe kwa tahadhari.

Kisumu na madaraja yake

Speke hakuiona Ghuba ya Winam. Reli ilifika huko tarehe 20 Desemba 1901, na kituo kikaitwa Port Florence, jina la mke wa mhandisi wa reli. Kati ya milima ya Mau na ziwa yalijengwa madaraja 27 ya chuma yanayovuka mabonde, kazi ya kampuni ya Kimarekani, American Bridge Company. Wakati huo kamera ilikuwa imekwisha kushika nafasi ya brashi. Harry Johnston, aliyetawala Uganda tangu 1899 hadi 1901, Kisumu ikiwa bado chini yake, alikuwa amesomea uchoraji London. Kitabu chake cha mwaka 1902 kinachanganya michoro yake ya rangi na picha za kamera.

Kamera nayo ina mahali ilipowekwa. Picha ya daraja huonyesha chuma na bonde. Haisemi kwamba wafanyakazi wapatao 32,000 waliletwa kutoka India kwa ajili ya reli hiyo, wala kwamba takriban 2,500 kati yao walifariki. Haitaji pia jina ambalo mwenyeji aliuita mto unaopita chini yake.

Hitimisho

Jina Port Florence limetoweka na Kisumu limebaki, kama Jinja lilivyobaki. Hii inathibitisha kuwa lugha ya wenyeji ni hifadhi inayoweza kuisahihisha picha. Mwanafunzi wa Kiswahili anayo kazi mahususi hapa: kuwaendea wazee wanaoishi kando ya madaraja hayo, kukusanya majina ya mito na vivuko, na kuyaandika chini ya picha zile kwa Kiswahili sanifu. Wazee hao hawatatungoja milele.