Afya Yako: Imarisha Mikono kwa Chupa Mbili za Maji

Mama, mtungi wa lita 20 ukijaa maji una uzito wa kilo 20. Mikono ikiwa dhaifu, mgongo ndio huumia. Tena, hedhi inapokoma, mifupa ya mwanamke hudhoofika haraka. Mazoezi ya nguvu husaidia kuilinda.

Shirika la Afya Duniani linashauri mazoezi ya misuli angalau siku 2 kwa wiki. Anza hivi:

1. Shika chupa ya maji ya lita 1 kila mkono. Kunja viwiko mara 10.
2. Inua chupa juu ya kichwa mara 10.
3. Weka viganja ukutani, sogeza kifua karibu, kisha jisukume nyuma mara 10.

Pumzika, kisha rudia. Ukizoea, ongeza uzito kidogo kidogo. Ukihisi maumivu makali, acha na umwone mhudumu wa afya.