Kizunguzungu: Jua Sababu Yake Kabla ya Kukwea Mnazi

Mkulima wa Likoni avukaye na madafu yake kwenda kuuza Ganjoni huijua hali hii. Kivuko huyumba kidogo, kichwa huwa chepesi, na akishuka ng'ambo huona kama nchi kavu nayo inakwenda. Hicho ni kizunguzungu chepesi, nacho huisha upesi. Lakini kiko kingine kiwezacho kumwangusha mtu kutoka juu ya mnazi. Yafaa tukifahamu.

Mwili hujuaje kwamba umesimama wima? Unao mashahidi watatu: macho, miguu, na sikio la ndani. Ndani ya kila sikio mna mifereji mitatu myembamba yenye maji. Ukigeuza kichwa, maji hayo husukuma vinyweleo vidogo, na habari hupelekwa kwenye ubongo. Chukua bakuli la maji, tia majani ya chai, lizungushe, kisha lisimamishe ghafula. Bakuli limetulia, lakini maji yangali yakizunguka. Ndivyo aonavyo mtoto aliyejizungusha akasimama. Mashahidi wasipopatana, kizunguzungu huanza.

Daktari Robert Bárány wa Vienna aliyachunguza mambo haya kwa kutia maji ya uvuguvugu na ya baridi katika masikio ya wagonjwa, akapata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1914.

Kizunguzungu si ugonjwa, ni dalili. Jiulize hivi:

1. Je, dunia huzunguka ukigeuka kitandani au ukitazama juu, kwa muda usiofika dakika moja? Huenda chembe ndogo za chokaa zimehama mahali pake sikioni zikaingia katika mfereji. Daktari aweza kuzirudisha kwa kukulaza na kukugeuza kichwa kwa utaratibu, bila dawa. Mkwezi, ambaye kazi yake ni kutazama juu, na ajihadhari sana.

2. Je, macho huingia giza ukiinuka ghafula? Huenda ni jua kali na ukosefu wa maji mwilini, njaa, upungufu wa damu, au dawa za shinikizo la damu. Kunywa maji na inuka polepole. Usiache dawa kabla ya kumwuliza daktari.

3. Je, una homa? Kapimwe malaria.

4. Je, umenyunyiza dawa ya wadudu, na sasa unatokwa na jasho na mate mengi na kutapika? Huenda ni sumu. Ondoka shambani, vua nguo hizo, oga kwa sabuni, na uende hospitali mara moja pamoja na karatasi ya ile dawa.

Lakini ukiona mdomo umepinda, mkono umelegea, maneno hayatamkiki, au mtu hawezi kusimama, hicho chaweza kuwa kiharusi. Mpeleke hospitali saa ile ile, usingoje kupambazuke. Wako wasemao kwamba mgonjwa kapatwa na upepo mbaya, wakamweka nyumbani siku tatu. Kiharusi hakingoji hata saa tatu.

Ewe mkwezi, siku uliyopata kizunguzungu usikwee, hata kama mnunuzi amekwisha fika. Mwambie mwenye shamba, kisha nenda ukapimwe. Nazi zitangoja juu mpaka upone.