Kipimo cha Oksijeni cha Kidoleni: Namba Inasema Nini, na Inanyamaza Wapi

Tangu maradhi ya UVIKO-19 yalipoenea, kibanio kidogo cha kupima oksijeni, ambacho zamani kilionekana wodini na katika vyumba vya upasuaji tu, kimeingia majumbani. Kinauzwa katika maduka ya dawa, katika maduka ya vifaa vya simu, na hata kando ya vituo vya daladala. Sambamba nacho zimekuja saa za mkononi zinazoahidi kupima mapigo ya moyo na oksijeni, pamoja na programu za simu zinazodai kuifanya kazi hiyo kwa kamera peke yake. Bei zake zinatofautiana mno, ilhali namba zinazoonekana kwenye vioo vyake zinafanana. Namba 97 iliyotoka katika kifaa kilichothibitishwa na namba 97 iliyotoka katika kitu cha kuchezea huandikwa kwa tarakimu zile zile, na mgonjwa aliyelala chumbani hana njia ya kuzitofautisha kwa macho.

Tunaandika somo hili kwa ajili ya yule anayetaka kununua kifaa hicho, na zaidi kwa ajili ya yule ambaye tayari anacho na anakitegemea aamue kama ampeleke mzazi wake hospitali usiku huu au asubiri kuche.

Mwanga unavyoisoma damu

Kifaa hiki hakichomi wala hakitoi damu. Upande mmoja wa kibanio kuna taa mbili ndogo sana. Moja hutoa mwanga mwekundu wenye urefu wa wimbi wa takriban nanomita 660, na ya pili hutoa mwanga wa infraredi wa takriban nanomita 940, ambao jicho la binadamu haliuoni. Upande wa pili kuna kihisi kinachopokea mwanga uliofanikiwa kupenya kidole. Himoglobini, protini iliyomo katika chembe nyekundu za damu na ambayo ndiyo mchukuzi wa oksijeni, hubadilika rangi kulingana na mzigo wake. Ikiwa imebeba oksijeni huwa nyekundu ya kung'aa na huuachia mwanga mwekundu upite kwa wingi. Ikiwa haina mzigo huwa nyekundu iliyokolea na huumeza mwanga huo. Kwa infraredi mambo hugeuka kinyume.

Lakini kidole si damu tupu. Kina ngozi, kucha, mfupa, nyama, na damu ya mishipa ya vena inayorudi moyoni. Aliyeikwamua shida hiyo ni mhandisi wa Kijapani, Takuo Aoyagi, wa kampuni ya Nihon Kohden, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Alitambua kwamba katika kila pigo la moyo, kinachoongezeka na kupungua kidoleni ni damu ya ateri, ambayo ndiyo hasa tunayotaka kuijua. Mengineyo yote hukaa vilevile. Basi kifaa kiachane na mwanga usiobadilika, kishike ule unaopanda na kushuka, kisha kilinganishe mpando-mshuko wa mwanga mwekundu na ule wa infraredi. Bwana Aoyagi alifariki dunia mwezi Aprili 2020, wakati ule ule ambapo dunia nzima ilikuwa ikikigombania kifaa kilichozaliwa na wazo lake.

Uwiano huo wa miali miwili bado si asilimia ya oksijeni. Ili ugeuzwe kuwa asilimia, kompyuta iliyomo ndani husoma jedwali, na jedwali hilo halikupatikana kwa hesabu za fizikia peke yake. Hupatikana kwa kuwachukua watu wazima wenye afya waliojitolea, kuwavutisha hewa yenye oksijeni iliyopunguzwa hatua kwa hatua, na kuchota damu ya ateri katika kila hatua ili ipimwe maabara. Kwa kuwa si halali kumshusha mtu mwenye afya chini ya kiwango cha hatari, majaribio hukomea takriban asilimia 70. Namba yoyote iliyo chini ya hapo ni makisio ya mashine.

Suala la rangi ya ngozi

Hapa tunamwomba msomaji asome taratibu, kwa sababu jambo hili linamhusu karibu kila mtu atakayekishika kijitabu hiki.

Melanini, yaani kitu kinachoipa ngozi weusi wake, nayo humeza mwanga. Kwa wazo la Bwana Aoyagi, melanini haipandi wala haishuki pamoja na pigo la moyo, hivyo ingepaswa kujifuta yenyewe katika hesabu. Kwa vitendo haijifuti yote. Na ikiwa jedwali limetengenezwa kwa vidole vya watu ambao wengi wao ni weupe, hitilafu hiyo haionekani mpaka kifaa kimfikie mtu mwingine. Mwongozo wa mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani wa mwaka 2013 ulitaka jaribio liwe na watu 10 au zaidi, na kati yao wenye ngozi nyeusi wawe angalau 2 au asilimia 15, kutegemea ipi ni kubwa zaidi. Watu wawili! Hao ndio waliobeba dhamana ya vidole vya bara zima.

Kwamba kuna walakini lilijulikana mapema. Madaktari Jubran na Tobin walichapisha mwaka 1990 matokeo yaliyoonyesha kuwa vipimo havikuaminika kwa wagonjwa weusi kama vilivyoaminika kwa weupe. Jambo likalala kwa miaka thelathini. Desemba 2020, watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walilinganisha namba za kidoleni na vipimo vya damu ya ateri vya wagonjwa waliolazwa. Waliwatazama wale ambao kibanio kiliwaonyesha asilimia 92 hadi 96, kiwango ambacho humtuliza mhudumu, wakauliza: ni wangapi kati yao ambao damu yao kwa kweli ilikuwa chini ya asilimia 88? Kwa wagonjwa weupe walikuwa asilimia 3.6. Kwa wagonjwa weusi walikuwa asilimia 11.7, yaani takriban mara tatu zaidi.

Mlaji auangalie mwelekeo wa kosa hilo. Kifaa hakikosei kwa kumtisha mtu mzima wa afya. Kinakosea kwa kumtuliza mgonjwa. Mtu anaweza kuwa anaishiwa na pumzi huku kioo kikisema mambo ni shwari, na watu wa nyumbani wakaamini kioo.

Mamlaka hiyo ya Marekani ilitoa tahadhari rasmi Februari 2021, na Januari 2025 ikatoa rasimu ya mwongozo mpya unaotaka watu 150 au zaidi katika jaribio, wakiwa na rangi za ngozi zilizopangwa kwa kipimo cha ngazi kumi. Ni hatua njema, ila vibanio vilivyokwisha kuuzwa havibadiliki kwa sababu ya karatasi iliyoandikwa Washington. Na hata bila suala la ngozi, tahadhari hiyo ilieleza kuwa kifaa kilichoidhinishwa kikionyesha 90, ukweli kwa kawaida uko kati ya 86 na 94.

Kwa hiyo ushauri wetu ni huu. Mpime mtu wa nyumbani kwako akiwa mzima, kwa siku kadhaa, uandike namba zake daftarini. Kwa watu wengi wenye afya itakuwa 95 hadi 100. Kwa wakaao kwenye milima mirefu huwa chini kidogo. Akiugua, usiitazame namba ya leo peke yake, itazame imeshuka kiasi gani kutoka kwenye mazoea yake. Mtu aliyezoea 98 akawa 94 na akaendelea kushuka anahitaji kuonwa na mganga, ingawa 94 yenyewe haitishi. Na akihema kwa taabu, akashindwa kumaliza sentensi, akabanwa na kifua, akachanganyikiwa, au midomo kwa ndani na fizi zikageuka rangi ya samawati au kijivu, apelekwe kituo cha afya mara moja, kioo kiseme kinachosema.

Mengine yanayokipotosha kifaa

Baadhi ni madogo na yana dawa nyepesi. Kidole cha baridi hakina damu ya kutosha: sugua mikono, kaa umetulia dakika chache, mkono uwe usawa wa moyo. Kidole kinachotikisika hutoa namba za ovyo. Jua kali likimulika kihisi huharibu usomaji. Rangi ya kucha, hasa ya giza, na piko nyeusi zinaweza kuuzuia mwanga, hivyo bibi harusi na wapambe wake wapimwe kwa kidole kisichopambwa, au kwenye kidole cha mguu. Mtoto mchanga asibanwe kibanio cha mtu mzima. Vipo vya kwake, na ni vyema apimwe kituoni.

Mawili mengine ni mazito. La kwanza ni upungufu wa damu. Kifaa hupima asilimia ya himoglobini iliyobeba oksijeni. Hakihesabu himoglobini ni kiasi gani. Ni kama kusema kwamba mabasi yote yaliyoondoka stendi yamejaa abiria, bila kusema kama yaliondoka mabasi mia au matano. Mama mjamzito mwenye upungufu mkubwa wa damu anaweza kusoma 99 na bado mwili wake ukawa na njaa ya oksijeni.

La pili ni moshi wa mkaa. Jiko la mkaa likiwaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Gesi hiyo huing'ang'ania himoglobini kuliko oksijeni, na himoglobini iliyotekwa nayo huwa nyekundu ya kung'aa. Taa mbili za kibanio haziwezi kuitofautisha na ile yenye oksijeni. Aliyelewa gesi hiyo anaweza kuonyesha 98 huku anakata roho. Watu waliolala chumba chenye jiko wakiamka na kichwa kinachouma, kizunguzungu na kichefuchefu, watolewe nje kwenye hewa safi na wapelekwe hospitali. Msipoteze muda kutafuta kibanio.

Saa na simu

Saa ya mkononi hutumia elimu ile ile, ila mwanga haupenyi mkono ukatokea upande wa pili. Hupigwa kwenye ngozi na kurudi. Kwa mapigo ya moyo, saa nyingi hutumia mwanga wa kijani, na mtu akiwa ametulia hufanya kazi nzuri. Kwa oksijeni, kifundo cha mkono ni mahali pagumu, maana mwanga unaorudi ni hafifu na mkanda ukilegea kidogo tu usomaji huharibika. Watengenezaji wengi wameandika, kwa herufi ndogo, kwamba kipimo hicho ni cha kujifuatilia wala si cha matibabu. Tunamsihi mlaji azisome herufi hizo dukani, si nyumbani.

Programu za simu zinazokutaka ufunike kamera na taa kwa kidole zinaweza kuhesabu mapigo. Kuhusu oksijeni, utafiti upo na unaendelea. Mwaka 2022 watafiti wa vyuo vikuu vya Washington na California, San Diego, walionyesha kuwa kamera na taa ya simu, kwa msaada wa programu iliyofundishwa, iliweza kutambua upungufu wa oksijeni katika takriban asilimia 80 ya nyakati. Ni kazi ya kusifiwa. Lakini walioshiriki walikuwa watu sita, na mmoja tu kati yao alikuwa Mmarekani Mweusi. Baina ya jaribio la watu sita na programu ya bure unayoipakua usiku mgonjwa akihema, kuna safari ndefu. Kwa sasa msimamo wetu ni kwamba programu hizo zisitumike kuamua matibabu.

Unapokwenda dukani

Muuzaji akikuambia, "Chukua hii mama, ni orijino," mwombe kijitabu cha maelezo. Kifaa cha tiba kina jina na anwani ya mtengenezaji, namba ya toleo, na maelezo ya kiwango cha usahihi pamoja na mipaka yake, kwa kawaida asilimia 70 hadi 100. Kiwango cha kimataifa kinachohusika ni ISO 80601-2-61. Tanzania, vifaa hivi viko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na ni haki yako kuuliza kama kimesajiliwa. Dai risiti, bila risiti, malalamiko yako hayana mguu wa kusimamia.

Wapo wanaofundisha kukijaribu kifaa kwa kukibana kwenye penseli: kikitoa namba, ni bandia. Jaribio hilo tusilitegemee, kwani hata kifaa halali kinaweza kuhadaika na mtikisiko wa mkono. Bora uhesabu mapigo ya mkono wako kwa dakika nzima na kulinganisha na mapigo ambayo kifaa kinaonyesha. Yakipishana sana, basi namba ya oksijeni nayo haina msingi. Ukipata nafasi zahanati, mwombe muuguzi akuruhusu kulinganisha kifaa chako na chao, mkono ule ule, kimoja baada ya kingine.

Mwisho, saa na vibanio vingi sasa hupeleka vipimo kwenye simu kwa Bluetooth, na simu huvipeleka kwenye kompyuta za kampuni. Hizo ni taarifa za afya yako. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 na sheria ya Kenya ya 2019 zinazipa ulinzi wa pekee. Programu ya kupima mapigo inayotaka orodha ya majina yako, ujumbe wako mfupi na mahali ulipo ikataliwe. Na ukitaka kuuza saa yako au kumpa mdogo wako, kwanza ifute taarifa zote kupitia sehemu ya mipangilio, kisha uitenganishe na simu yako. Ukiiacha imeunganishwa, mapigo ya moyo wake yataendelea kuandikwa kwa jina lako.