Mlango wa Kumuuguza Mke Asiyejiweza, Nyumbani au Katika Makazi ya Wazee

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Mas'ala hii huwafika watu wa pwani waliohamia bara. Mfano wake ni mtu aliyekwenda Ipililo, katika wilaya ya Maswa, mkoa wa Simiyu, nchi ya Wasukuma na pamba, akafungua duka na kukaa huko miaka mingi na mkewe. Mke akapatwa na kiharusi, akapooza upande mmoja. Hawezi kuinuka wala kujitwaharisha. Watoto wametawanyika, na ndugu zake mke wako Tanga au Lindi. Mume naye ameingia uzeeni. Je, amuuguze nyumbani, au ampeleke katika makazi ya wazee, kama yale ya Kolandoto katika Shinyanga au ya Bukumbi katika wilaya ya Misungwi?

Kwanza na ijulikane asili ya jambo. Imamu Nawawi, aliyekufa mwaka 676 wa Hijra (1277), ametaja katika Minhaj ya kwamba mke ambaye kwa desturi ya watu wake hujitumikia mwenyewe, hana haki ya kudai mtumishi. Illa akihitaji kutumikiwa kwa sababu ya maradhi au ulemavu wa kudumu, hapo humpasa mume kumwekea wa kumtumikia. Na masharihi wake wakabainisha ya kuwa haja ikiwa ni ya watumishi wawili au zaidi, hupasa kwa kadiri ya haja. Basi utumishi wa mke mgonjwa ni deni juu ya mume, si hisani. Mume anayesema, "Nimemhurumia mwaka mzima, sasa ndugu zake nao wamhurumie," ametaja huruma mahali pa deni.

Katika mlango huo huo wa Minhaj imeandikwa pia kwamba thamani ya dawa na ujira wa tabibu havimpasi mume. Waume wengi wameihifadhi kauli hii vizuri sana, na ile ya mtumishi hawakuihifadhi. Hata hivyo chakula cha mke hakiondoki kwa maradhi, wala zamu yake ya usiku. Na miongoni mwa wanazuoni wa zama hizi, Sheikh Wahba al-Zuhayli wa Damascus, aliyefariki mwaka 2015, aliona ya kuwa matibabu leo yamekuwa haja kama chakula, basi nayo yawe juu ya mume. Kauli hii ndiyo iliyo karibu zaidi na kule kukaa nao kwa wema kulikoamrishwa katika Sura ya Nisaa, aya ya 19.

Na katika mwendo wa masahaba upo ushahidi uliopokewa katika Sahihi ya Bukhari. Vita vya Badri, mwaka wa 2 wa Hijra (624), Sayyidna Uthman hakuhudhuria, kwa kuwa mkewe Ruqayya, binti wa Mtume, alikuwa mgonjwa. Mtume mwenyewe ndiye aliyemwacha nyuma, akamwambia ya kuwa anao ujira wa aliyehudhuria Badri na fungu lake. Vita vilivyoupambanua Uislamu, na mume akaachwa nyumbani kumuuguza mkewe! Aliye na duka la kulinda, na aseme mwenyewe kama duka lake ni kubwa kuliko Badri.

Lakini isidhaniwe kwamba kuuguzwa nje ya nyumba ni aibu kwa dhati yake. Saad bin Muadh alipojeruhiwa katika vita vya Khandaq, Mtume alimpigia hema ndani ya msikiti, na katika sira ametajwa Rufayda, mwanamke wa kabila la Aslam, aliyekuwa akitibu majeruhi. Hapa pana jambo la kuangaliwa: katika hadithi imeelezwa sababu ya kupigwa hema pale, nayo ni kuwa Mtume apate kumzuru kwa karibu. Basi la kuulizwa katika makazi, kabla ya ubora wa vitanda, ni umbali. Mwenye kumwacha mkewe Kolandoto, naye akarudi dukani Ipililo na kumzuru siku ya Idi, hakufanya lililofanywa kwa Saad.

Tena makazi hayo ya serikali yamekusudiwa wazee wasiojiweza wasio na wa kuwatunza. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliiweka familia kuwa mtunzaji wa kwanza, na makazi kuwa njia ya mwisho. Mume mwenye uwezo akimwingiza mkewe humo, huenda akamzibia nafasi mtu asiye na mume wala mwana. Na sheria ya nchi, yaani Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, fungu la 63, imemwajibisha mume kumpa mkewe makao, nguo na chakula. Na mke mwenye uwezo imemwajibisha hivyo hivyo kwa mume aliyeshindwa kuchuma kwa maradhi.

Amma kazi ya kuuguza, haifai mtu kuikabili kwa maneno matupu. Asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili au karibu na hapo, mchana na usiku, asije akapata vidonda vya kulalia. Mzee mmoja peke yake hawezi hayo mwezi mzima; atakuwa mgonjwa wa pili katika nyumba. Kwa hiyo mwanamke wa kuajiriwa si anasa.

Ipo na sababu nyingine ya kumweka, nayo wengi hawaijui. Katika madhehebu ya Shafi, ngozi ya mume ikigusana na ya mkewe pasipo kizuizi, udhu wa wote wawili hutenguka. Mume akimtawadhisha mkewe kwa mkono mtupu, kila akimgusa humtengulia udhu anaomfanyia. Dawa yake ni kuvaa glovu au kuzungusha kitambaa mkononi. Au binti yake, au mtumishi mwanamke, amtawadhishe. Asiyeweza kuzuia mkojo hutwaharishwa baada ya kuingia wakati wa sala, akafungwa kitambaa safi, akatawadhishwa, akasali upesi. Na hufanywa hivyo kwa kila faradhi. Na iliyo mashuhuri katika madhehebu ni kuwa maradhi hayahalalishi kukusanya sala mbili; lakini Nawawi mwenyewe alichagua kauli ya kuijuzisha, nayo ina wepesi kwa mgonjwa wa namna hii.

Mume naye akisema, "Nitamtumikia mwenyewe, nisitoe ujira," mke hashurutishwi kukubali. Wanazuoni wameitaja haya yake kuwa ni sababu yenye kuzingatiwa. Akiridhia, ni jambo jema kwao wote wawili. Vivyo hivyo hashurutishwi kukaa nyumba moja na mke mwenziwe. Basi mwenye kuoa mke wa pili na kumwingiza kwa mgonjwa kwa jina la mwuguzi, amewadhulumu wawili: wa kwanza kwa kumweka na mwenziwe bila ya ridhaa, na wa pili kwa kumtwika utumishi usiompasa.

Na aulizwe mgonjwa. Mtume, katika maradhi yake ya mwisho, aliwaomba wake zake idhini ya kuuguzwa nyumbani kwa Bibi Aisha, nao wakampa. Ikiwa yeye aliye mbora wa viumbe alitaka idhini juu ya mahali pa kuuguzwa, mume wa Ipililo hana njia ya kumpakia mkewe garini asubuhi bila ya kumwambia aendako. Huenda mke akataka kurejea pwani kwao. Na hilo likiwezekana ni bora kuliko makazi, madhali mume aende naye, au apeleke matumizi na ujira wa mtumishi kila mwezi bila ya kudaiwa.

Ikiwa mali hakuna, wala jamaa, wala nguvu, na mke ameridhia, basi kumpeleka katika makazi kwajuzu, wala mume hana dhambi. Lakini atazame kwanza kama wapo wanawake wa kumwosha, ili utupu wake usifunuliwe mbele ya wanaume pasipo dharura, na kama yuko wa kumwelekeza kibla na kumkumbusha nyakati. Awaachie walinzi wa pale jina lake na mahali alipo, na awaambie ya kuwa mke huyu ni Mwislamu. Kwani akifa huko, sanda yake na gharama za maziko yake ni juu ya mume mwenye uwezo, hata kama mke ameacha mali yake mwenyewe, na mume ni katika wenye ruhusa ya kumwosha.