Seva Yako Inapohamishwa: Namna ya Kulinda Kumbukumbu Zilizomo

Vyama vya ushirika, shule, zahanati na maduka mengi siku hizi hutunza kumbukumbu katika seva za kukodi zilizo mbali na ofisi zao. Katika somo hili tunaeleza jinsi seva hizo zinavyohifadhi taarifa, matatizo yanayojitokeza zinapohamishwa, na hatua ambazo mtumiaji anapaswa kuchukua mapema.

Mfano wa kujifunzia

Tuchukue mfano wa chama cha msingi cha wakulima wa pamba katika Kata ya Sapiwi, wilayani Bariadi. Karani hupima pamba, huandika jina la mkulima, kilo na fedha anazodai, kisha huingiza taarifa hizo katika programu iliyo kwenye seva Dar es Salaam. Katikati ya msimu, katibu anapokea ujumbe kwamba mtoa huduma atahamishia wateja wote kwenye mfumo mpya wiki ijayo. Iwapo kumbukumbu za siku tatu za mizani zitapotea katika uhamisho huo, mkulima aliyeuza siku hizo atabaki na risiti yake ya karatasi tu, kama aliitunza.

Seva pepe hufanyaje kazi?

Kompyuta moja kubwa hugawanywa kwa programu maalumu ili ihudumie wateja kadhaa, kila mmoja akiwa na seva yake pepe, kama wapangaji katika nyumba moja. Diski ya seva pepe kwa kawaida ni faili kubwa lililowekwa katika hifadhi ya mtoa huduma, na hifadhi hiyo yaweza kuwa katika mtambo mwingine kabisa. Kwa hiyo kuhamisha seva kuna sehemu mbili: kuhamisha uendeshaji wake na kuhamisha diski yake. Sehemu ya kwanza yaweza kuchukua sekunde chache. Ya pili yaweza kuchukua saa nyingi au siku, na humo ndimo kumbukumbu nyingi hupotea.

Watoa huduma huhama kwa sababu ya uchakavu wa mitambo au gharama. Novemba 2023, kampuni ya Broadcom iliinunua VMware, ambayo programu zake huendesha seva pepe nyingi duniani. Mwezi uliofuata ilisitisha uuzaji wa leseni za kudumu na kubakiza zile za kulipia kwa kipindi. Tangu hapo wengi wamehamia mifumo mingine, ikiwamo Proxmox.

Matatizo ya kawaida na utatuzi wake

1. *Seva inasimama ilhali nafasi uliyolipia haijajaa.* Mtoa huduma aweza kuwagawia wateja nafasi kubwa kuliko iliyopo, akitegemea kwamba hawataijaza kwa pamoja. Hifadhi halisi ikijaa, seva nyingi husimama. Uliza kama nafasi yako imetengwa kikamilifu.

2. *Diski inajaa bila taarifa mpya kuongezeka sana.* Huenda kuna picha ya hali ya seva, ambayo mafundi huiita snepshoti, iliyoachwa muda mrefu. Picha hiyo huendelea kukua kadiri seva inavyotumika. Isitoshe, hutegemea diski ileile. Diski ikiharibika, nayo haisaidii. Omba ifutwe baada ya kuwa na nakala rudufu kamili mahali pengine.

3. *Seva haiwaki baada ya kuhama.* Mifumo hutofautiana katika muundo wa faili za diski na katika programu ndogo zinazoiwezesha seva kuitambua diski. Fundi abadilishe muundo na kuweka programu hizo kabla ya kuhama. Seva ya zamani isifutwe.

4. *Uhamisho hauishi.* Diski ya gigabaiti 200, kwa mtandao wa megabiti 10 kwa sekunde, huhitaji takriban saa 44 ikiwa mtandao haukatiki. Piga hesabu hii kabla ya kupanga siku.

5. *Baadhi ya kumbukumbu zinaonekana, nyingine hazionekani.* Anwani ya seva ikibadilika, simu na kompyuta nyingine huendelea kwa muda kutuma taarifa kwenye seva ya zamani. Simamisha uingizaji wa taarifa wakati wa uhamisho, na tumieni daftari hadi fundi athibitishe.

Hatua za kuchukua

Kabla ya uhamisho, omba kwa maandishi tarehe, muda wa kusimama kwa huduma na jina la anayewajibika. Pata nakala rudufu ya kumbukumbu na uitunze ofisini kwako. Tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipokatika, intaneti ilidorora nchini. Ofisi yenye nakala karibu iliweza angalau kusoma kumbukumbu zake. Jaribu kuifungua nakala hiyo kwenye kompyuta nyingine, kwani faili lisilofunguka halitakusaidia.

Baada ya uhamisho, linganisha idadi ya wakulima, jumla ya kilo na jumla ya malipo ya seva mpya na zile ulizoandika kabla. Usikubali seva ya zamani ifutwe hadi hesabu zilingane.

Haki na wajibu

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya au kuchakata taarifa za watu azilinde zisipotee, na inaweka masharti ya kuzisafirisha nje ya nchi. Wajibu huo unamhusu mtoa huduma na unakihusu chama pia, maana majina na madai ya wakulima yako mikononi mwake. Uliza seva mpya iko nchi gani.

Ukipata hasara, lalamika kwanza kwa mtoa huduma kwa maandishi na utunze nakala. Usiporidhika, wasilisha lalamiko kwa Mamlaka. Suala likihusu taarifa binafsi, lipeleke Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Ambatisha mkataba, ujumbe wa taarifa ya uhamisho na hesabu ulizolinganisha.