Si mgongo tu unaomuuma mtu wa mjengo

Msomaji, alfajiri ukipita Kilimani au Ruaka utawaona wanaume, na siku hizi wanawake pia, wamesimama langoni pa mjengo wakingoja kuchaguliwa. Anayechaguliwa atabeba mawe na kukoroga saruji mchana kutwa. Anayekosa hurudi nyumbani mikono mitupu, kodi ya nyumba ikimngoja. Mvua ikinyesha siku tatu, kazi husimama na malipo husimama nayo.

Tumezoea kuwahimiza wavae kofia ngumu na buti, na ni vyema. Lakini ni nani huuliza kuhusu akili ya mtu aliye orofa ya saba na hakulala usiku kucha?

Aghalabu mtu wa mjengo hatakwambia kwamba ana huzuni. Atasema kichwa chamuuma, au mgongo, au tumbo, na atameza vidonge wiki nzima bila nafuu. (Bila shaka mgongo wa mbeba mawe waweza kuuma kweli; apimwe yote mawili.) Wengine huwa wakali ghafla, wakigombania hata karai. Wengine huanza kunywa pombe mchana, au kutafuna muguka ili wachangamke. Pombe humlaza mtu kwa muda mfupi, kisha humwamsha usiku wa manane mawazo yakiwa yamezidi. Muguka nao hufukuza usingizi. Hali hii ikidumu majuma mawili, na mtu akawa hafurahii tena aliyoyapenda, yafaa aonwe na mtaalamu.

Wewe foromani, au fundi mwenzake, mwite kando wakati wa chai, si mbele ya wenzake. Mwambie uliyoyaona: "Ndugu yangu, siku hizi huli nasi, na jana nusura uteleze jukwaani. Kuna nini?" Kisha nyamaza umsikilize. Usimwambie ajikaze kiume. Hayo ameshajiambia mwenyewe mara nyingi.

Akisema amechoka na maisha, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Wengi huogopa kwamba swali hilo litamtia wazo kichwani. Si kweli; humpa nafasi ya kusema lililomlemea. Akikubali, mshushe kutoka juu, usimwache peke yake, na umfikishe hospitali siku hiyo hiyo. Simu ya Msalaba Mwekundu, 1199, haitozwi pesa.

Kwa miaka mingi watu walinyamaza kwa kuhofia polisi, kwani kifungu cha 226 cha Sheria ya Adhabu kilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu. Januari 2025, Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Jina la Mathari nalo huwatisha wengi, ilhali hospitali hiyo, iliyoanza mwaka 1910, ina kliniki ya wagonjwa wanaotibiwa na kurudi nyumbani. Mgonjwa akipewa dawa, ajue kwamba nyingi huchukua majuma kadhaa kabla ya kuleta nafuu, wala asiziache bila kumwuliza daktari.

Na kama wewe ndiwe mwenye jumba linalojengwa, au kontrakta, lipa Jumamosi kama mlivyopatana. Mfanyakazi akienda kliniki, mwekee nafasi yake. Wapo wanaoacha matibabu kwa kuogopa kurudi na kukuta mwingine ameshika karai lake.